Ulirudi Kumtafuta Jattani

Mpendwa Aba,

Assalamu aleikum, huko ulikolala.

Unalikumbuka lile kundi letu la kutembea? Wazee wanne mliopotewa na kumbukumbu, Dada Halima, mhudumu wa afya, mbele, mtoto wa mmoja wenu nyuma, kila asubuhi kabla jua halijawa kali, kutoka Bulla Pesa kuelekea upande wa Leparua na kurudi. Muuguzi wa kliniki alisema mzigo huu haubebwi na nyumba moja. Mwanzoni niliona aibu, wallahi. Majirani walitucheka: "Leo wazee wanapelekwa malishoni!" Ukawajibu, "Na nyinyi mnachungwa na nani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jina langu, mimi binti yako, lilikuwa limekutoka. Uliniita Guyo, ndugu yako, nami nikaitika, ningefanya nini? Lakini hatukuondoka kabla hujawatazama wenzako wote. Hukuwahesabu. Nikiwa mdogo, kule Korbesa, ulinifundisha kwamba kuhesabu mifugo ni mkosi. Unaitazama tu, na anayekosekana utamjua. Mbuzi mmoja akibaki porini, ulikuwa huli mpaka umpate.

Mzee Jattani, rafiki yako wa kundini, alifariki Jumatatu. Halima akatuonya sisi watoto, "Msiwaambie chochote kwanza. Kesho jioni tutakaa sote tuamue tutawaambiaje."

Asubuhi yake zamu ilikuwa yangu. Ukawatazama wenzako, ukasimama.

"Guyo, Jattani yuko wapi?"

Ningemwita Halima. Alikuwa hatua kumi tu mbele. Lakini nilikuwa nimechoka, Aba, nimechoshwa na maswali yako, na nilitaka tumalize nikafungue duka. Nikasema, "Amebaki nyuma kidogo, anafunga viatu. Twende, atatufikia."

Ulikubali, tukaenda. Njiani simu yangu ikalia, nikasimama kando kuongea. Nilipogeuka hukuwepo.

Tulikutafuta mtaa mzima, kisha porini. Vijana waliokupata alasiri walisema nyayo zako zilienda kichaka hadi kichaka, zikizunguka kila kimoja. Ulikuwa umelala kifudifudi, midomo imepasuka kwa kiu. Tulikuzika kabla ya magharibi.

Kundi bado linatembea. Mimi siendi, siwezi. Halima ananifariji akisema ugonjwa huu huwapoteza watu hivyohivyo, nisijilaumu. Hajui nilichokuambia. Hakuna anayejua.

Mama ndiye anayenimaliza. Haachi kuniuliza, "Hivi, baba yako alikuwa anaenda wapi na jua lote lile?" Nami, mwoga mkubwa, namjibu, "Ni ugonjwa tu, Mama. Hakujua anachofanya." Anatikisa kichwa, anasema maskini, anafuta macho.

Nisamehe, Aba, kama msamaha unafika huko. Mola akulaze pema. Ulijua unachofanya, na mimi ndiye niliyekutuma.

Binti yako.