Skuta Iliyokataa Mlima

Baba,

Nimeifungua ile shingo ya skuta. Najua ulinikataza, na kama ungekuwa hai ningekuja kukuambia uso kwa uso, nikiwa nimesimama mbali kidogo na mkono wako wenye spana. Lakini hupo. Mvua za vuli zimekuja zikaenda tangu tukulaze kule Mwanda kando ya Mama, na bado kila asubuhi nikifika gereji hapa Voi, macho yangu hutangulia kwenye kigoda chako. Kwa hiyo naandika.

Nikupe kwanza habari za hapa, maana hukupenda mtu anayeingia na shida kabla ya salamu. Gereji ipo. Mwadime wa kuchomelea vyuma bado ni jirani yetu, bado anaimba nyimbo za kwaya huku cheche zikimrukia, na bado hajui maneno ya ubeti wa pili. Jua linakaanga mabati kama kawaida. Nyanya kule Mwanda ni mzima, magoti tu yanamsumbua. Ananiuliza kama umeshakula, halafu anakumbuka, anajishughulisha na kuni. Hapo mimi pia hutafuta kitu cha kufanya.

Na skuta yako ya buluu, ile uliyoinunua kwa sista wa misheni kabla sijaanza shule, ninaiendesha mimi. Kila asubuhi naisalimia kwa Kidawida kama ulivyokuwa ukiisalimia, "Kwawuka mana," kabla sijapiga kiki. Zamani nilikuwa nakucheka. Wiki ya mazishi niliipiga kiki bila salamu ikakataa kuwaka hadi saa nne. Siku hizi sithubutu.

Sasa shida. Ulipoondoka, wateja walipungua. Wengine walikuwa wakija kwa sababu ya mkono wako, na wakimkuta mwanamke ameinama juu ya injini wanauliza fundi yuko wapi. Nikatafuta kitu cha kushikilia. Zahanati ya kule kwetu Mwanda ilikuwa inataka mtu wa kupeleka damu za wagonjwa maabara ya hospitali hapa Voi, mara tatu kwa wiki. Napanda asubuhi na kisanduku kitupu cha barafu, nakijaza, nashuka nacho kabla damu haijaharibika. Nilifurahi mno, Baba. Nikajiona napita nyumbani, nakunywa chai kwa Nyanya, nawaona wewe na Mama, na yote hayo ni kazi.

Lakini unaijua skuta yako. Kutoka Voi hadi Mwatate, kule tambarare kwenye makonge, haina neno. Ikianza zile kona za kwenda Wundanyi inakohoa, na kwenye kona yetu yenye jiwe jeupe inakata tamaa kabisa. Zamani ilikuwa inatukataa wawili. Siku hizi imezeeka, hata mtu mmoja ni mzigo. Nashuka, nasukuma. Nilichelewa mara ya kwanza wakanisamehe. Mara ya pili damu ya mama mmoja mjamzito ikabidi itolewe upya, na nilimwona akikunja tena mkono wa gauni bila kulalamika. Msimamizi wa kazi hii, pale maabara, hakunifokea. Aliniambia tu polepole, "Wakesho, hii kazi ni ya saa. Ukichelewa tena itabidi nimpe mtu wa pikipiki kubwa." Afadhali angefoka.

Basi nikaamua kuiongezea mbio.

Nakusikia ukicheka. Unakumbuka nilivyojaribu nikiwa kidato cha pili? Ulikuwa umeenda Taveta kutafuta vipuri, nami nikajifanya fundi. Nilitoboa sanduku la filta ya hewa matundu kama chujio, nikakata matumbo ya ekzosi, nikaongeza njia ya petroli kwenye kabureta. Nilipoiwasha, kuku wa mtaa mzima walikimbia. Ikatoa moshi na kunguruma kama lori, na nilipoipeleka barabarani, mama mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani akanipita. Mwadime akaita kutoka ng'ambo, "Debe tupu haliachi kuvuma!" Uliporudi hukunipiga. Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta, ukajifuta machozi kwa kitambaa chenye grisi, ukabaki na masharubu meusi hadi jioni. Halafu ukaketi nami tukarudisha kila kitu, skurubu moja moja, na ukaniambia neno ambalo sasa nawaambia wengine, "Kabla ya kuongeza mbio, ongeza breki."

Ulinifundisha injini yote, Baba. Plagi, pistoni, mkanda, kabureta. Kitu kimoja tu ulininyima: ile shingo ya alumini iliyopinda, inayotoka kwenye kabureta kuingia kwenye injini. "Hiyo usiiguse. Ikipasuka hatupati nyingine Kenya nzima." Nikakubali. Mtoto wa fundi anajua kuna vipuri vya kuheshimu. Na hata ukichungulia huoni kitu, imepinda.

Kisha kuna lile neno ulilosema hospitalini, siku mbili kabla hujaondoka. Nilikuwa nakupangusa miguu. Ukasema, "Ukiifungua skuta, usinikasirikie." Nikadhani ni homa. Nikakuambia pumzika, Baba. Kwa nini sikukuuliza? Ningekuuliza tu. Ulikuwa bado na sauti.

Jumapili baada ya kanisa nilianza na breki, kama ulivyonifundisha. Nikabadilisha viatu vya breki ya nyuma, nikakaza waya wa mbele. Nikatoa kabureta, nikaisafisha, nikaipuliza. Ilikuwa safi kama sahani. Mkanda mzima, pistoni inabana vizuri. Kila kitu kilikuwa sawa na bado ilikuwa inapanda mlima kama mgonjwa. Ikabaki shingo peke yake. Niliishika nikaiacha. Nikaenda kunywa maji. Nikarudi nikasema, "Nisamehe, Baba," nikalegeza zile nati mbili.

Haikupasuka. Ilitoka kama kifuniko cha sufuria. Na ndani yake, upande wa injini mahali ambapo jicho halifiki, kulikuwa na pete ya shaba. Imebanwa pale kisawasawa, tundu lake linaingiza kidole changu kidogo kwa shida. Injini ilikuwa inavuta pumzi kupitia hapo, kama mtu anayekimbia huku amefinywa pua. Kwanza nikadhani ni kazi ya kiwanda. Nikaitoa, nikaipeleka juani. Imechongwa kwa tupa, kwa mkono. Na ukingoni ina mikwaruzo mitatu midogo.

Mikwaruzo yako mitatu, Baba. Ile uliyoiweka kwenye kila kipuri ulichokichonga, ili fundi mwingine asije akakusingizia kazi mbovu.

Nilikasirika. Uliniomba nisikasirike lakini nilikasirika, tena sana. Miaka yote ile! Kila Jumamosi, tangu nina miaka kumi, tunatoka Voi kwenda kumwona Nyanya na kupalilia kaburi la Mama, na kila Jumamosi, tukifika kwenye jiwe jeupe, skuta inakufa nguvu nawe unasema, "Shuka, Wakesho, tumsaidie mzee." Mzee ni skuta. Nami nashuka, wewe unashika usukani, mimi nasukuma nyuma, jua linatupiga, hadi pale barabara inapokuwa tambarare. Miguu yangu hii, ambayo vijana wa stendi wanaitania kwamba ni ya mchezaji wa Harambee Stars, ni matokeo yako. Na kumbe wewe mwenyewe, kwa tupa yako, ndiye uliyemfinya mzee pua! Niliitupa ile pete sakafuni. Mwadime akaacha kuimba.

Nikaiokota. Nikafunga shingo bila pete, nikaongeza njia ya petroli kidogo tu, nikapiga kiki. Haikuvuma, Baba. Ilikuwa na sauti nzito, tulivu, ya mtu aliyelala vizuri.

Jumatatu nilipanda. Nilipita Mwatate upepo ukinivuta mashavu. Kona ya kwanza, ya pili, skuta inapanda tu. Nikaliona jiwe jeupe linakuja, nikalipita. Hivyo tu, nikalipita. Mwili wangu ulikuwa umeshajiandaa kushuka, mguu mmoja ulikuwa tayari nje, na jiwe likabaki nyuma. Nilienda mbele kidogo nikashindwa kuona njia kwa machozi, nikasimamisha.

Kwa sababu hapo ndipo nilipokumbuka ile Jumamosi ya kwanza. Mama alikuwa na mwezi mmoja ardhini nami nilikuwa sisemi. Shuleni sisemi, nyumbani sisemi. Wewe ulikuwa unaongea peke yako ukipika ugali, ukiniuliza na kujijibu. Kwenye skuta mtu wa nyuma hawezi kuongea na wa mbele, upepo unachukua maneno yote, na nadhani hilo lilinifaa. Siku ile plagi ilichafuka kweli, skuta ikazimika pale kwenye jiwe, ikabidi tusukume. Na katikati ya kusukuma nikakuuliza, "Baba, Mama alikuwa anaogopa kupanda skuta?" Ulisimama. Ukajibu, "Sana. Alikuwa akinishika mpaka nakosa pumzi." Nikacheka. Tukaongea hadi juu, na tulipofika juu niliendelea.

Jumamosi iliyofuata skuta ikashindwa palepale. Na iliyofuata. Na zote.

Kwenye kusukuma kule ndiko nilikokuambia kila kitu. Kwamba nimeshindwa hesabu. Kwamba nimepata hedhi na sijui nimwambie nani, nawe ukaangalia makonge ya mbali, ukasema tutamwuliza Nyanya, na ukakaza usukani kwa mikono miwili. Kwamba nataka kuwa fundi. Kwamba kuna mvulana, na baadaye kwamba hakuna tena mvulana. Uso kwa uso nisingeweza. Lakini wote wawili tunaangalia mbele, tunahema, mikono ina kazi, na maneno yanatoka yenyewe. Nilipoanza kunung'unika kwamba tunaenda polepole ulisema, "Mwenda pole hajikwai." Nikakujibu kwamba hajikwai lakini pia hafiki. Ukasema, "Kwani una haraka ya kufika wapi?"

Sikuwa na haraka, Baba. Sasa ndiyo najua.

Jumatatu hiyo niliwahi zahanati hata muuguzi hajafungua dirisha. Damu ilifika Voi mapema, msimamizi akaangalia saa, akaniangalia, akasema, "Hapo sawa." Kazi ni yangu. Lakini kabla ya kushuka nilipita kwa Nyanya, nikamwonyesha pete. Aliigeuzageuza karibu na macho yake. Akasema hajui mambo ya vyuma. Anachokumbuka ni kwamba ile Jumamosi ya kwanza mwanawe aliingia jikoni ametota jasho, hakuomba hata maji. Alisema tu, "Mama, ameongea," akakaa chini kwenye vumbi, akalia. Nyanya akanirudishia pete, akanifungia kimanga cha mihogo na maharage kwenye jani la mgomba. Vipande viwili, kama zamani. Cha pili nilikula nikiwa na wewe, hapo kaburini, na nimepalilia pande zote mbili.

Hamu ya kukuona imenizidi wiki hii kuliko wiki ya mazishi. Wakati ule kulikuwa na watu na sufuria. Sasa nina mambo ya kukuambia na skuta inapanda moja kwa moja, hainipi hata dakika tano. Nina jambo moja hasa, kuna mtu, ni mpole, nawe ungemwuliza kama anajua kurekebisha vali. Siwezi kuliandika hapa. Wewe unajua ni mahali gani naweza kulisema.

Kwa hiyo tulia, Baba, pumzika na Mama, na usiogope kwamba nimekasirika. Hasira ilipita siku ileile. Pete nimeifunga kwenye ufunguo wa skuta, inagongagonga nikiendesha. Siku za kazi sitairudisha, wale wagonjwa hawana muda. Lakini nakuahidi jambo moja, na wewe unajua sivunji neno kama nisivyovunja shingo.

Jumamosi nakuja. Nikifika kwenye jiwe jeupe nitazima injini, ingawa haina shida yoyote. Nitashuka, tumsaidie mzee.

Mwanao,
Wakesho