Sauti ya Binti wa Kinu

London, 9 Oktoba 2022

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye mvua ya huku isiyojua kuchoka. Goti linasemaje sasa baridi imeanza? Na Bi Zdena wa ghorofa ya chini, bado mnagombania kamba ya kuanikia nguo? Sisi hatujambo. Klara na watoto wana mafua, lakini wanakula, kwa hiyo sina wasiwasi.

Mama, kaa kwanza ndipo uendelee kusoma.

Kazi yangu unaijua. Tunaonyesha sinema ukumbini, muziki wake wa zamani tunauondoa, tunabakiza maneno ya waigizaji na kelele za milango na farasi, halafu okestra nzima inakaa chini ya pazia na kuupiga muziki ule upya mbele ya watu. Mimi mwongozaji nina skrini yangu ndogo yenye mistari ya rangi inayopita. Mstari ukifika ukingoni, na mkono wangu uwe umefika. Picha haimsubiri mtu. Mpiga tarumbeta akipaliwa, picha inakwenda zake. Sisi wenyewe tunasema ni kama kucheza dansi na treni.

Basi mwezi wa Machi tunaifanya *Kinu Chini ya Maji*, tena palepale mjini Brno ulikoimba! Sinema yako, Mama! Kuna mafundi huku wana mashine ya kuchambua sauti kama mtu anavyopepeta mchele. Wamekutoa wewe ndani ya zile fidla za kale, ukabaki peke yako, safi. Binti wa mwenye kinu cha kusagia nafaka akishuka mtoni na kufungua kinywa, itatoka sauti yako ileile ya mwaka 1971, na wanamuziki themanini walio hai watakufuata. Na jina lako ambalo hawakuliandika wakati ule, sasa litaandikwa kwa herufi kubwa kuliko langu. Mabango yameshachapwa. Kiti chako kipo mstari wa mbele.

Nilitaka kukuficha mpaka siku yenyewe, nimeshindwa.

Mwanao,
Vojta


Šumperk, 20 Oktoba 2022

Vojtěch,

Umeuliza hali yangu. Goti ni zima. Mwenye goti ndiye mgonjwa, tangu postamani aliponiletea barua yako.

Nani alikwambia sauti ile ni kitu ninachojivunia? Baba yako? Hakika si mimi, maana mimi sijawahi kukisema kisa hiki chote, wala hukuwahi kuniuliza. Sasa sikiliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, naimba kwenye kwaya ya opera. Klement Hruša, aliyeiongoza sinema ile, alinisikia akanichagua nimwimbie binti wa kinu, kwa sababu Dagmar Svozilová aliyeigiza alikuwa na uso mzuri na sauti ya bata. Niliimba kutwa nzima. Hruša alikuwa akigonga kioo cha chumba cha kurekodia: "Polepole zaidi! Tena! Tena!" Jioni nilikohoa damu kidogo, nikacheka, kwa sababu jina langu lingeandikwa kwenye sinema.

Haukupita mwezi, mjomba wako Ctibor akavuka mpaka kwenda Austria, hakurudi. Kuanzia hapo, machoni pa Chama cha Kikomunisti, mimi nikawa dada wa msaliti. Waliniita ofisini kunifukuza opera. Hruša alikuwepo, anatazama viatu vyake. Nikamwuliza, "Na wimbo wangu?" Akajibu, "Wimbo tunao, Blažena. Kuhusu wimbo usiwe na wasiwasi." Wimbo wakauweka, mwenye wimbo wakamtupa.

Dagmar ndiye aliyepewa maua. Redioni mtangazaji akamwuliza aliwezaje kuimba vile. Akacheka tu: "Nilifumba macho, ikaja yenyewe." Nilikuwa namenya viazi. Baba yako alikimbilia redio kuizima, lakini nilishasikia. Tukahamia huku, nikawafundisha watoto wa watu filimbi mpaka nilipostaafu. Sinema ile sijaitazama hata dakika moja. Ikionyeshwa kwenye televisheni, mimi natoka nakaa kwenye ngazi hadi iishe.

Na sasa wewe, mtoto wa tumbo langu, umeingia humo bila kubisha hodi. Wale waliichukua sauti wakaficha jina; wewe umeichukua ukabandika jina. Tofauti yenu ni bango. Mimi sijafa, Vojtěch! Kila Jumapili unapiga simu kuniuliza nimekula nini. Ungeuliza na hili.

Itoe.

Mama yako


London, 2 Novemba 2022

Mama,

Nakutumia salamu hata kama utaziacha mlangoni. Watoto wamepona.

Barua yako nimeisoma mara moja, ya pili nimeshindwa. Ungenipiga kofi ingekuwa nafuu kuliko kuniweka benchi moja na wale watu wa ofisini.

Kwanza, sinema si yangu. Kampuni iliyoinunua imenunua kila kitu kilichomo, na sauti imo. Nilimweleza mwandaaji wetu, Bwana Pettifer, kwamba hutaki. Alishangaa: "Kwani hakulipwa siku ile? Basi huyu mama analia nini, na sisi tunamfanya nyota?" Simpendi Pettifer. Lakini swali lake nakuletea wewe.

Pili, kwa kuwa umeanza, na mimi niseme. Unajua tuliishi vipi na hasira yako? Watoto wa wenzio uliwafundisha muziki, ukirudi nyumbani ni kimya. Hata siku ya kuzaliwa kwangu hatukuimba. Fidla nilijifunzia kwa jirani, kama mtoto anayekwenda kuvuta sigara kwa siri. Baba alikuwa akipanda ngazi anapiga mluzi, akifika mlangoni anaumeza. Miaka yote hiyo! Mtu yule amekufa na mluzi wake kifuani, na wewe hukuwahi kumwambia, "Piga tu, Oldřich, haidhuru."

Hruša amekufa. Chama kimekufa. Hata mpaka aliouvuka mjomba umekufa, siku hizi watu wanapita na baiskeli. Umebaki wewe peke yako kwenye ofisi ile, unangoja mtu ainue macho kutoka kwenye viatu vyake. Mimi nimeyainua, nawe unanitemea mate.

Onyesho litafanyika kama lilivyopangwa. Kiti chako kipo.

Vojta


Šumperk, 9 Novemba 2022

Vojtěch,

Baba yako muache alipolala. Usiyoyajua kati ya mke na mume usiyatie wino.

Umesema sinema si yako, sauti si yangu, mwenye mali ni kampuni. Maneno hayo niliambiwa ofisini na watu waliokuwa na bunduki nyuma yao. Wewe nyuma yako una nini?

Kiti chako mpe Bwana Pettifer aweke koti lake. Na Jumapili usinipigie.

Blažena Vrbová


London, 26 Februari 2023

Mama,

Sijui kama utaifungua barua hii. Simu zangu anapokea Bi Zdena. "Mama yako kaenda sokoni," ananiambia, na nyuma yake nakusikia ukigongagonga masufuria. Krismasi nzima ulikuwa sokoni. Ninachojua ni kwamba uko hai na mikono ina nguvu. Nashukuru kwa hilo.

Sikuandikii kukubembeleza. Nataka ujue kilichotokea, usije ukakisikia kwa watu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mafundi kusikiliza kazi yao kabla ya mazoezi. Fundi mwenyewe ni mtu mwema, anakula mkate wake, anatikisa mguu. Akaifungua sauti yako kwenye kompyuta, ikaonekana kama safu ya milima. "Hapa mama ameshuka kidogo," akasema, akaikamata noti, akaipandisha. Kisha: "Na hapa anavuta pumzi ndefu mno, ataichelewesha okestra." Akaikata. Pumzi yako, Mama. Aliikata kama mtu anavyokata kucha. Akapiga tena kipande kile, nikakusikia ukiimba bila kupumua, kama mtu aliyezibwa pua.

"Safi zaidi, sivyo?" akaniuliza.

"Irudishe."

"Kampuni imeshaipitisha."

"Nimesema irudishe!" Nilipiga meza, mkate wake ukaruka. Maskini, yeye hakuwa na kosa. Lakini pale ndipo nilipokiona ulichokuwa ukiniambia. Walikuwa wakikugongea kioo tena, na safari hii mimi ndiye niliyewafungulia mlango.

Nikaenda kwa Pettifer.

"Sauti ile itoke," nikamwambia, "au mtafute mtu mwingine wa kuwapungia fimbo."

"Una wazimu? Watu wamenunua tiketi kwa ajili ya sauti hiyo!"

"Awaimbie mtu aliye hai."

"Ni mama yako mwenyewe, bwana! Nani hapendi mama yake asikike?"

"Ndiyo, ni mama yangu mwenyewe. Na amesema hapana."

Aliniita mtovu wa shukrani, mtoto wa mama, na mengine ambayo sitayaandika. Nami nilimwita majina ambayo Kiingereza hakina, ikabidi nitumie Kicheki. Baada ya Brno hatanipa kazi tena, kaniapia. Na aape. Sauti imetolewa. Mabango yamechapwa upya. Wimbo wa mtoni ataimba Radka Pospíchalová, msichana wa hukohuko Brno, amesimama karibu na fidla, kila mtu anamwona, na jina lake limeandikwa.

Jina lako sijaliweka popote. Ukitaka liwekwe, niandikie neno moja tu. Usipoandika nitajua ni hapana. Safari hii kimya chako sitakigeuza kuwa ndiyo.

Kuhusu sauti, ulikuwa na haki, na mimi nilikuwa mwizi aliyebeba maua. Naomba radhi. Kuhusu Baba siombi radhi. Lile bado linanichoma.

Mwanao,
Vojta


Šumperk, 21 Machi 2023

Mwanangu,

Mimi ni mzima, ila miguu inanilaumu kwa ngazi za balkoni. Ndiyo, nilikuja. Usinilaumu kwa kutokwambia. Tiketi nilinunua mwenyewe, juu kabisa kando ya nguzo, pamoja na Zdena, ambaye alitafuna pipi za mnanaa sinema nzima mpaka mtu wa mbele akageuka kumtazama.

Sikuja kwa wema. Nilikuja na hasira yangu nimeivalisha koti la kutokea. Nilitaka nihakikishe kwamba hukunidanganya, halafu nitoke kabla hawajafika mtoni. Nilikaa kiti cha mwisho makusudi.

Upara umekuingia, Vojta. Kutoka juu unaonekana vizuri. Kwenye ile harusi ya sinemani ulikimbia, au picha ndiyo iliyokimbia nawe ukashika mkia wake, sijui. Lakini yale mafuriko yalipoingia kinuni na ngoma zako zikaanza, kiti changu kilitetemeka, na nikasema moyoni, huyu mpumbavu anaijua kazi yake. Kwa ajili hiyo nilichelewa kuinuka. Nikashtukia tumefika mtoni.

Yule msichana akasimama. Pale juu Dagmar akafungua kinywa, na ikatoka sauti ya Radka. Kwanza nilifurahi vibaya, Mungu anisamehe, maana alianza kwa woga na noti ya pili ikamtoka pembeni. Kisha akatulia. Haikuwa sauti yangu hata chembe. Na kwa kuwa haikuwa yangu, sikuwa na cha kusikiliza, nikabaki na macho tu.

Basi nikamtazama Dagmar. Nimemchukia maisha yangu yote bila kumwona. Ni mtoto, Vojta. Hata ishirini hajafika. Wamemsimamisha kwenye maji ya masika, yanatoka milimani na barafu yake, yamemfika mapajani, ameshika shuka la kufua, na mikono imekuwa ya zambarau. Inatetemeka. Ungedhani anaigiza, lakini mtetemo ule hauigizwi. Midomo inaimba, na kila akimaliza mstari macho yanakwenda pembeni, upande mmoja tu, kwa mtu ambaye hatumwoni. Sasa vizuri? Na sasa? Naruhusiwa kutoka? Mtu yule tunamjua, wewe na mimi. Mimi alinigongea kioo ndani ya chumba chenye joto. Yeye alimgongea nini, na mara ngapi, mle kwenye maji?

Na baadaye wakampa maua na kumweka mbele ya redio. Angesema nini? Angesema, si mimi? Nani aliyesema kweli mwaka ule akabaki na kazi? Mimi sikusema. Nilitazama viatu vya Hruša nikaondoka.

Zdena akaniegemea na pipi yake. "Ndiye huyu yule shetani uliyekuwa ukimlaani?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Muache aimbe."

Dagmar amekufa siku nyingi, nilisoma gazetini, na siku ile nilioka keki. Sitaki kuandika zaidi kuhusu keki ile.

Onyesho lilipokwisha sikukutafuta. Uliinama, ukanyoosha mkono kwa zumari, kwa ngoma, kwa Radka, watu wakasimama, mimi nikashuka kwa ngazi za nyuma. Msichana yule nilimkuta kwenye korido anakunywa maji kutoka chupani kama mkulima. Nikamwambia kwenye mstari wa tatu asiogope kuvuta pumzi. Avute yote, wasiotaka wangoje. Alinitazama, mimi na kilemba changu cha sufu.

"Bibi, kwani nawe uliwahi kuimba?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Tulikuwa na treni ya kuwahi, na Zdena alikuwa anavuta mkono wangu. Lakini neno lile nililitoa mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, kwa mtu niliyemchagua, na hakuna aliyekuwa nyuma ya kioo.

Kwa Pettifer ulifanya vizuri. Hata hivyo ulipaswa kupiga meza mwezi wa Oktoba.

Kuhusu baba yako sijakusamehe, na naona nawe hujanisamehe. Usiniandikie juu yake. Njoo mwenyewe, ugomvi ule hauenei kwenye bahasha.

Mama yako