Halima na Mchele Wake

Mjukuu wangu Zubeda,

Salaam kutoka Namuwongo. Mama yako hajambo, na goti langu bado linanifikisha msikitini. Sote twakuombea huko Nairobi.

Unasema umepewa watu sita ofisini uwapime, na mmoja ni mzito wa kazi. Unaniuliza kama umwondoe.

Nilipokuwa na umri wako, niliongoza wanawake watano waliopika pilau za harusi. Mmoja wao, Halima, alichambua mchele polepole mno, huku akipiga soga na kila mtu. Harusi moja sikumwita. Tulimaliza kupika mapema, nikajisifu. Wageni walipoonja, wakasukuma sahani. Chumvi ilikuwa imetiwa mara mbili.

Aliyeitia mara ya pili ni Mariamu, mmoja wa wale wanne waliobaki. Aligundua kosa lake sufuria ikiwa bado jikoni, na tungeweza kuchemsha mchele mweupe tukauchanganya humo. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza.

"Halima hakuwepo," akasema. "Ningemwambia nani?"

Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake tangu asubuhi.

Basi wapime kwa kazi yao, ni haki. Ila kabla hujamwondoa huyo mzito, waulize wenzake: mtu akikosea hapa, humwendea nani kwanza? Jina lako lisipotajwa, usiwakasirikie. Mimi nilikasirika wiki nzima, kisha nikaenda kubisha hodi kwa Halima, nikamwomba arudi.

Ni mimi jajja wako,
Hajati Amina