Kwa Njoki Yupi?

Kinoru,
Meru.
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Nyamu,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba uinuke uende mahali utakapokuwa peke yako. Haya ninayoandika yasitoke mdomoni mwako, hata kwa Anti Linda, mpaka wewe na mimi tuwe tumezungumza. Ukiona ni mzigo usioweza kuubeba kimya kimya, ikunje barua hii sasa hivi umrudishie aliyekuletea, nami sitakulaumu.

Kama umeendelea kusoma, asante. Sasa nikusalimu kama nilivyolelewa. Hujambo, Mjomba? Kile kikohozi kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimekuachilia? Anti Linda anaendeleaje na kwaya yake? Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenihama. Mama yuko Embu kwa kaka; goti humuuma asubuhi, mchana likapoa. Huku Meru baridi ya Juni imeshuka. Ukungu unakaa mpaka saa nne na nguo zetu zinashinda kwenye kamba bila kukauka.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. WhatsApp yangu imefunguliwa kwenye kompyuta ya ofisi, kwa kuwa ndiyo njia tunayopokelea matokeo, na mkubwa wangu, Bwana Gitobu, hupita nyuma ya kiti changu akisoma kila kitu kana kwamba ni tangazo la ukutani. Nyumbani naishi chumba kimoja na Ednah wa ofisini, mtoto wa dada yake Bwana Gitobu. Ednah ni msichana mzuri, lakini hakuna neno linalolala tumboni mwake. Ndiyo maana barua hii nimempa Thuranira, jirani yetu. Yeye husafirisha miraa kutoka Laare hadi huko kwako Kisumu, na miraa hailali njiani, kwa hivyo najua kesho utakuwa nayo mkononi.

Unakumbuka niliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya kupima maji. Siku ya kwanza nilitia sahihi kwamba sitamwambia mtu yeyote matokeo kabla bango halijabandikwa. Kaburu, aliyekalia kiti hiki kabla yangu, alimnong'onezea shemeji yake habari za kisima kimoja, na hakumaliza wiki kazini. Kwa kukuandikia tu, Mjomba, nimeshavunja ahadi ile.

Jambo lenyewe ni hili. Ijumaa hii bango la maji ya upande wetu wa Kiambere linakwenda kuchapishwa, na grafu niliyoichora mimi itawafanya watu wafunge kisima kizuri na kuhamia kile kibaya. Nimejaribu kuirekebisha nikashindwa.

Nikueleze polepole, maana ni wewe uliyenifundisha kuchora grafu kwenye kompyuta kwa lugha ya Python ile likizo ya Desemba, tukitumia vipimo vyako vya mvua, ukanicheka kompyuta iliponiwekea mwezi wa kumi kabla ya mwezi wa pili.

Grafu ina nguzo moja kwa kila kisima. Urefu wa nguzo ni kiasi cha floraidi kilichomo ndani ya maji, na mstari mwekundu unapita katikati kuonyesha kiwango ambacho mtu hafai kukivuka. Majina ya visima yako chini ya nguzo, yamesimama wima, yanasomwa kuelekea chini. Kwenye skrini kila kitu ni kizima. Nikiihifadhi kama picha, ukingo wa karatasi unakata mikia ya majina.

Majina mafupi yalisalimika. Lakini yetu unayajua. Cucu Njoki, bibi yangu, alikuzaa wewe na Mjomba Mugendi, na kila mmoja wenu, kama ilivyo desturi, akampa binti wa kwanza jina la mama yake. Ndiyo tukawa na Njoki wa Mugendi na Njoki wa Nyamu, kila mmoja na kisima karibu na boma lake, na waliokuja kuchukua maji ya kupimwa wakaandika vile vile walivyoambiwa: Kwa Njoki wa Mugendi, Kwa Njoki wa Nyamu. Picha ikihifadhiwa, chini ya nguzo mbili panasomeka Kwa Njoki wa, Kwa Njoki wa. Kompyuta imewakata baba zao wote wawili.

Nilijaribu tight_layout, ile amri ya kubana kila kitu kiingie ndani. Majina yakaingia, lakini nguzo zikafinywa zikawa fupi mno, hujui ni ipi iliyovuka mstari mwekundu na ipi haijavuka. Nikaongeza pambizo ya chini kwa mkono. Kile kisanduku cha ufunguo kinachoeleza rangi kikaruka chenyewe, kikaenda kukaa juu ya nguzo ndefu kuliko zote na kuficha kichwa chake. Nikakitoa kisanduku nje, upande wa kulia. Picha ikawa pana, fremu ya bango ikaifinya, herufi zikawa kama mayai ya chawa. Nikayavunja majina yawe mistari miwili, yakapandana na majirani. Nikiziba hapa, panavuja pale.

Mwisho niliilaza grafu ubavu, majina yakahamia kushoto, yakaenea yote. Nilifurahi, Mjomba. Nilimpelekea Bwana Gitobu hata nikitabasamu.

"Hii ni nini?" akauliza. "Grafu imelala kama mgonjwa?"

"Ni ili majina yaenee, sir."

"Bango lina fremu ya kusimama. Kwani wewe Wambeti, huko Embu majina yenu hupimwa kwa mita? Andika Kwa Njoki, basi. Mchapishaji hajui koo, anajua sentimita."

Ednah akacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa woga.

Nikaandika Kwa Njoki mara mbili kama nilivyoagizwa. Kompyuta ikaona jina moja, ikadhani ni kisima kimoja, ikazirundika nguzo zote mbili mahali pamoja. Ile ndefu ikaimeza ile fupi. Nafasi ikapatikana, majina yakakaa sawa, na Bwana Gitobu akanipiga begani.

"Umeona? Sasa imepumua."

Hiyo ndiyo iliyo kwenye fremu hadi sasa. Chini yake ameongeza maneno makubwa: MSINYWE MAJI YA KWA NJOKI.

Nawe unajua mtu wa kwetu ukimwambia Kwa Njoki bila kuongeza neno, miguu yake inaelekea wapi. Inaelekea kwa Njoki wa Mugendi, kwa kuwa ndiye mkubwa na duka lake liko barabarani. Watafunga pale, mahali ambapo maji hayana kosa. Kisha watabeba mitungi yao waende kisima kinachofuata.

Nimezunguka sana, Mjomba, kwa sababu mkono ulikuwa unakataa kuandika. Kisima kinachofuata ni chako. Nguzo ndefu ni yako.

Najua ulivyokichimba. Najua ulivyokuwa ukitoka Kisumu kila likizo kusimama na wachimbaji juani, na jinsi mwamba ulivyowarudisha nyuma ukakataa kuhama. Mama husema siku maji yalipopanda ndiyo siku pekee aliyokuona ukicheza, wewe uliyekataa kucheza hata kwenye harusi yako. Mchungaji alikiombea. Maji yake ni maangavu na hayana harufu. Mimi mwenyewe nimeyanywa na kuyasifu.

Lakini nilipokuwa nyumbani wakati wa Pasaka nilimwona Murungi, mtoto wa Njoki wako, akicheka. Meno yake yana mistari ya kahawia. Nikamtania mbele ya watu wote: "Murungi, hivi mswaki wako uliliwa na mbuzi?" Tukacheka sana, hata wewe. Mtoto akaziba mdomo kwa kiganja na hakucheka tena siku ile. Kumbe alikuwa akipiga mswaki kila asubuhi, kwa maji hayo hayo. Na mdogo wake ndiyo kwanza anaota meno.

Matokeo yalipofika na nikaona nambari iliyo mbele ya jina la kisima chako, nilikwenda msalani nikafunga mlango nikasimama tu. Wanasema floraidi ikizidi, mwanzo huharibu meno, baadaye mifupa.

Nilirudi kwa Bwana Gitobu nikamwambia hapo pana visima viwili, si kimoja.

"Unavijua?"

"Nimesoma tu kwenye faili, sir."

Nilimdanganya. Akijua kwamba ni kwetu, atasema nimekuja kupigania visima vya ukoo, ataninyang'anya faili, na hakuna atakayelitaja tena jambo hili. Hakuwa mkali, lazima niseme ukweli. Alivua miwani akajifuta macho. Alisema kamati imekwisha kuipitisha fremu na hawezi kuwarudia kwa sababu ya jina. Kisha akasema, "Sawa. Ijumaa asubuhi kabla sijaituma, niletee grafu ya kusimama, fremu ile ile, herufi za kusomeka kwa mbali, majina mazima. Ukiipata, nitaiweka. Usipoipata, hii inakwenda."

Tangu hapo sijafanya jambo lingine. Kompyuta yenyewe ni ya zamani na hairuhusu karani kuongeza wala kubadilisha chochote ndani yake, kwa hivyo kila ushauri ninaoupata mtandaoni unadai kitu ambacho sina. Programu iliandikwa na Kaburu, na vipimo vya karatasi amevifungia ndani mahali nisipopajua. Nikigusa upande mmoja, mwingine unasogea. Leo nilikaa mbele ya skrini nikitazama zile nguzo mpaka Ednah akaniuliza kama nimefiwa.

Ndani ya bahasha utakuta programu yote. Nimeinakili kwa mkono, na nimekagua kila nukta na kila bano. Utakuta pia picha ilivyo pale majina yanapokatwa, na ile ambayo nguzo zimemezana, ili uone kwa macho yako. Huenda kwako ni mstari mmoja tu unaokosekana. Mimi siuoni.

Sijui kama ni haki kumwomba mtu anisaidie kuchora nguzo itakayofunga kisima chake mwenyewe. Ila sina mtu mwingine anayeijua grafu na anayewajua Njoki wote wawili.

Na kama hata wewe hutaona dawa, nakuomba, tukishazungumza, wewe ndiwe umwambie Njoki wako aache kuchota hapo. Mimi nikimwambia, atasema nimetumwa na upande wa Mugendi wanaomwonea wivu. Wewe ni baba yake. Neno lako atalia nalo, lakini atalishika.

Nisikuchoshe zaidi. Akikuuliza Anti Linda, mwambie ni salamu tu, na kwamba shuka aliyonipa naitumia kila siku kwa hii baridi. Ukiongea na Mjomba Mugendi msalimie, bila kumwambia lolote. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba nimekuandikia. Mungu akulinde uwapo kazini na uwapo njiani, na akupe moyo mpana wa kuipokea habari hii kutoka kwa mtoto mdogo kama mimi.

Mpwa wako anayekupenda na asiyetaka kukuumiza,
Wambeti

Namna ya kunipata: usinipigie wala kunitumia ujumbe kwa namba yangu. Piga kwa Gladwell, mke wa Thuranira. Namba yake nimeiandika nyuma ya picha ya pili. Anauza chai na mandazi karibu na lango la uwanja wa Kinoru. Jumatano na Alhamisi, saa saba mchana, nitakuwa pale kibandani kama mtu aliyekuja kula. Usinisalimu kwa kirefu. Nisomee amri polepole, herufi kwa herufi, nami nitaandika. Ukisikia nimenyamaza, usikate. Nitakuwa naandika, au naogopa. Na Gladwell akikuambia nimekataa kuja kwenye simu, mwambie aje aishike sikioni mwangu, nawe uanze kusoma.