Tairi Alizochagua Baba

Ijumaa, Kihesa. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kuvaa masweta mawili, na mimi sina hali.

Wale mnaofungua blogu hii kutafuta ushauri wa tairi, leo ushauri upo, ila umechanganyika na mambo mengine. Nivumilieni. Mbio ni keshokutwa, Jumapili baada ya ibada, kule Mbeya. Ni ule mchezo wetu wa kawaida: kiwanja cha changarawe, mapipa yaliyopakwa chokaa, gari moja moja linazunguka mapipa, mtu anashika saa ya simu. Atakayetumia muda mfupi kuliko wote anachukua kreti ya soda na haki ya kututambia mpaka mbio nyingine. Hakuna mtaalamu pale. Kuna walimu, mafundi, muuza dawa za mifugo mmoja, na mimi.

Safari hii nimefunga mbele tairi mbili ambazo najua ni mbovu.

Nilijua hata kabla hazijafungwa.

Nianze mwanzo, maana nikiendelea kulizungusha hili kichwani peke yangu nitapasuka.

Baba yangu aliendesha lori la majani ya chai kule Igowole kwa miaka mingi, kwenye ule udongo mwekundu ambao ukinyeshewa unateleza kama mlenda. Huko ndiko alikojifunzia tairi. Hasomi maandishi ya ubavuni, hasikilizi maneno ya muuzaji. Anabonyeza raba kwa ukucha wa gumba la kulia, anangoja kidogo, anaachia, anatazama alama. Raba isiyokubali ukucha, anasema, haitakubali udongo. Tangu nianze kushindana na kigari chetu chekundu, tunachokiita Kibiriti, sijawahi kununua tairi bila gumba la baba, na gumba hilo halijawahi kuniangusha. Kwenye mbio anakaa kiti cha kushoto. Yeye anasema "kata, kata, achia", mimi nazungusha usukani.

Miezi saba iliyopita alipigwa na kiharusi, upande wa kulia.

Mguu umeanza kurudi. Mkono bado. Siku ya kuruhusiwa hospitali daktari aliniita pembeni kwenye korido, akaniambia kwa upole kwamba nguvu kidogo ya mkono inaweza kurudi, lakini ile ganzi ya vidole asitarajie itaondoka, nisije nikampa mzee matumaini ya bure. Nikarudi wodini nikitabasamu. Nikamwambia, "Daktari anasema mkono utarudi, baba. Ni mazoezi tu."

Msiniulize kwa nini. Alikuwa ananitazama.

Nyumbani akawa mtu wa kulala akitazama ukuta. Baba yangu, Mhehe wa maneno, mtu wa kubishana na redio! Ukimpa uji anakunywa. Ukimwambia ageuke anageuka. Mama alimuuguza mpaka naye akakonda, na mwezi huu nimemlazimisha aende Madibira kwa dada yangu, asaidie palizi ya mpunga na apumzike kutuona. Tumebaki wawili.

Halafu Jumatatu alinisikia nikiongea kwenye simu habari za mbio. Nilipokata simu, sauti ikatoka chumbani: "Tairi za mbele zimekwisha. Twende kwa Mama Atu."

Jamani. Nilishika mlango.

Mama Atu anauza tairi za mtumba hapa mjini. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mama mwenye mikono ya kubeba tairi mbili kwa mpigo na mdomo usiopumzika. Jumatano tukaenda. Nilimwacha baba ajishushe kwenye gari taratibu, mimi nikatangulia ndani. Kulikuwa na jozi mbili tu za saizi yetu. Jozi ya kwanza, karibu na mlango, ilikuwa imefifia, kashata zake, yale meno yanayokanyaga chini, zimelika kiasi, lakini nilipobonyeza raba ukucha wangu ulizama vizuri. Jozi ya pili ilikuwa nyuma kidogo, nyeusi inang'aa, kashata nene za kuvutia macho. Nikabonyeza. Kwato za ng'ombe. Nikasoma zile namba nne za ubavuni zinazosema wiki na mwaka wa kutengenezwa, nikaona tairi hizo zimezaliwa zamani sana, na karibu na rimu zina mipasuko midogo midogo.

Huu ndio ushauri wenu wa leo, uchukueni. Msidanganyike na weusi, ule ni dawa ya kung'arisha. Msidanganyike hata na unene wa kashata. Tairi inaweza kukaa stoo miaka kumi bila kutembea, ikabaki na kashata zote na raba ikafa. Kwa gari linalovuta mbele kama letu, tairi za mbele ndizo zinazovuta, zinazokata kona na zinazobeba breki. Zikifa hizo, unabaki abiria.

Basi baba akaingia na fimbo yake. "Kamwene," akamsalimia Mama Atu, na Mama Atu kwa furaha ya kumwona akamjibu Kihehe chenye lafudhi ya Tukuyu. Baba akaiendea jozi ya kwanza. Akainama. Mimi roho mkononi, nawaza ataanguka, ataanguka mbele za watu. Akabonyeza, akanitazama. Akainuka mwenyewe. Akatembea hatua nne mpaka jozi ya pili, bila kushikwa, mara ya kwanza tangu augue. Akainama tena, na safari hii hata hakuyumba.

Mimi nikatabasamu. Nilishindwa kujizuia. Nilitabasamu mpaka machozi yakanitoka.

Akaliegemeza gumba kwenye ile raba ngumu kwa uzito wa mwili mpaka ukucha ukapinduka. Damu ikatoka. Hakuitazama. Alikuwa ananitazama mimi. Halafu akasema kwa sauti ileile ya zamani, ya mwenye lori, "Hizi. Fungeni."

Mama Atu alifungua mdomo. Nikamkata jicho. Akaufunga, na kwa Mama Atu hilo si jambo dogo. Nikasema, "Sawa baba." Nikachukua ncha ya khanga yangu nikafuta damu kwenye gumba lake kana kwamba nafuta vumbi.

Ningesema nini? Kwamba gumba lako limekufa, baba, mbele ya wateja?

Tangu hapo ameagiza Kibiriti niliegeshe mbele ya dirisha lake. Anakaa kwenye kiti, anatazama tairi. Jana alinyoa ndevu kwa mkono wa kushoto, akajikata kidevu sehemu mbili, akatoka anang'aa. Ameulizia kofia yake ya mbio. Anakula! Kila ninapopanga kumwambia, namwona na ile kofia, naacha.

Nikajiambia labda naongeza chumvi. Labda zitashika. Jana mchana, mvua ilipokata, nikamwambia naenda kuzijaribu, nikaenda kwenye kile kiwanja kitupu huku juu. Nikapanga ndoo nne za kufulia mahali pa mapipa. Kona ya kwanza nikakata usukani, gari likaenda moja kwa moja kama halijaniona. Ndoo ikapasuka. Nikapunguza upepo wa tairi kidogo, maana wakati mwingine husaidia. Wapi. Mara ya tatu nikakanyaga breki, gari likaserereka bila haraka, kwa utulivu kabisa, mpaka tairi moja ikaning'inia juu ya mtaro.

Nilikaa pale nimeshika usukani kwa mikono miwili. Nilitazama kile kiti cha kushoto. Kesho asubuhi tunatoka hapa mimi na yeye, Mafinga, Makambako, mpaka mteremko wa Inyala wenye malori mbele na nyuma, barabara imelowa. Yeye hata mkono wa kujishikilia hana. Nililia kama mtoto, na wapita njia wawili walisimama wakanisaidia kulitoa gari bila kuniuliza kitu. Mungu awabariki.

Nilipofika nyumbani alikuwa dirishani. "Zimeshika?"

"Zimeshika, baba."

Na nikatabasamu. Mimi ni mtu wa namna gani?

Usingizi haukuja. Asubuhi nikaapa nitamwambia. Nikaahirisha mpaka baada ya chai. Nikaahirisha mpaka mchana. Mchana nikamwekea ugali na figiri, akashika kijiko kwa mkono wa kushoto, na kabla hajaanza kula nikasema yote kwa pumzi moja: baba, zile tairi ni mbovu, ni ngumu, ni za zamani, jana nusura niingie mtaroni, nilijua tangu Jumatano.

Nilidhani atafoka. Niliomba afoke.

Aliweka kijiko chini. Akalitazama gumba lake lililofungwa plasta. "Hiki kidole tangu hospitali sijui ni changu au cha jirani," akasema. "Kubonyeza nilikuwa nabonyeza tu, Mama Atu aone. Nilikuwa nakutazama wewe. Nilijua umeshabonyeza, nimekufundisha mwenyewe. Kwenye zile za kwanza ulikunja uso. Kwenye hizi ukafurahi. Nikasema, basi ndizo."

Nilikunja uso kwa kuogopa ataanguka. Nilifurahi kwa sababu hakuanguka. Yeye kidole hakina habari, amebakiwa na uso wangu, na uso wangu ndio uliochagua tairi za kutuua wote wawili.

Nikamweleza hivyo. Sijui kama nilieleweka, nilikuwa nalia.

"Kumbe unatabasamu tu," akasema.

Alikuwa hatazami tena dirishani, ananitazama mimi, vilevile kama Jumatano, vilevile kama siku ile wodini. Akasema taratibu, kama mtu anayehesabu hatua zake, "Na siku ile ulipotoka kwa daktari ulikuwa unatabasamu."

Hakuuliza. Alisema hivyo tu, akangoja.

Nikasema chai inafurika, nikakimbilia jikoni. Hakukuwa na chai yoyote jikoni. Nikatokea mlango wa nyuma, nikaja kukaa humu ndani ya Kibiriti, na ndimo ninamoandika haya kwa simu, kioo kimejaa ukungu wa pumzi zangu. Mficha maradhi kilio humuumbua, tuliimbishwa darasani. Hatukufundishwa la kufanya ukificha maradhi ya mwenzio, tena ukimficha mwenyewe.

Nimempigia Mama Atu. Sikumaliza hata sentensi. "Zile laini nimezifunika turubai tangu Jumatano," akasema. "Uso gani ule, mwanangu? Njooni kesho saa moja, nafunga mwenyewe." Ndiyo hivyo, la tairi limekwisha. Tangu Jumatano nilikuwa nadhani tairi ndizo zinazoninyima usingizi.

Lililobaki liko ndani ya nyumba, kwenye kiti, na kofia kichwani. Nikimwambia kwamba vidole havitarudi, huenda akageukia ukuta tena, na safari hii asigeuke. Nikikaa kimya, au nikiingia na uso wangu wa wodini, atauona, ameshaujua. Kesho mteremkoni nikimwambia "tuko sawa baba", ataamini nini? Na Jumapili akisema "kata", atajuaje kama namsikiliza au namfurahisha?

Nimefuta kioo kwa mkono wa sweta. Yuko palepale dirishani. Chakula chake kiko vilevile mezani, hajagusa. Ameushika ule mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, ameuweka kwenye ukingo wa dirisha, na ananitazama.

Anangoja jibu.

Mungu wangu, nitaanzaje? Labda nianze na korido. Nianze na daktari alivyosimama, alivyoshika faili, neno kwa neno, bila kupamba. Halafu nimwambie kesho kwa Mama Atu tutabonyeza pamoja, ukucha wangu, na nitakachosikia nitakisema kwa mdomo.

Mvua inaongezeka. Nashuka. Nimejitazama kwenye kioo cha gari, macho mekundu, pua imevimba, uso wa kutisha kabisa.

Naingia nao hivyohivyo.