Televisheni ya Sauti Tupu

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma,
Jumapili jioni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa? Shemeji na watoto je? Sisi tu wazima, tunasukuma siku. Cherehani yangu bado inanilisha, ingawa msimu huu wateja wanaleta nguo za kupunguza zaidi kuliko za kushona.

Utashangaa kupata barua wakati tunapigiana simu kila mara. Nimejaribu kukuambia kwa simu, nikaishia kuzungumzia mambo mengine. Tena simu zetu hizi za video, ungeniona uso.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitazama tamthilia sebuleni, tumebanana kwenye kochi moja, Mama akiwagombeza waigizaji kana kwamba wanamsikia? Majirani walikuja na viti vyao. Aliyekosa sehemu moja alisimuliwa kesho yake mpaka akachoka. Siku hizi kila mtu ana yake mkononi, kwenye simu. Mume wangu ana mpira wake chumbani. Binti yangu, tunayemwita Chaji kwa jinsi anavyozunguka nyumba nzima akitafuta soketi, ana filamu zake. Nami nina zangu, waya masikioni, mguu kwenye cherehani. Tunapishana koridoni kama wapangaji.

Mama alibaki sebuleni na televisheni uliyomnunulia. Kila jioni nilisikia ikiongea, nikajisemea Mama anajiburudisha. Nilimpelekea chai, nikageuka.

Wiki iliyopita intaneti ilianza kusuasua. Nyumba nzima ikanuna. Nikamwita fundi mbio mbio, mimi ambaye bomba la jikoni linavuja tangu sijui lini. Kisanduku cha intaneti kipo nyuma ya televisheni, kwa hiyo fundi akainama pale. Alipoinuka alimtazama Mama, akatazama kioo, akanitazama mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini bibi anatazama televisheni isiyo na picha.

Kaka, kioo kilikuwa cheusi tii. Taa za ndani yake zilikuwa zimekufa, sauti ikabaki. Chai nilikuwa nampa palepale, na sikuwahi hata kugeuza shingo nione anatazama nini.

Unajua macho ya Mama yalishaanza kuingia ukungu. Kumbe mwangaza wa ile televisheni ndio kitu alichokuwa bado anakiona vizuri. Ulipozimika, akajua ndiyo basi, macho yamekwisha. Akanyamaza ili asiwe mzigo kwetu. Akawa anakaa pale akisikiliza, akicheka wanapocheka wenzake wa ndani ya televisheni. Fundi alipomweleza kwamba kilichoharibika ni kioo, alishika mkono wa kochi akauliza, "Kwa hiyo siyo mimi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Fundi mwenyewe alijifanya anatafuta bisibisi.

Basi usiingiwe na hofu. Televisheni imetengenezwa, na Mama nimempeleka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, daktari anasema ataondolewa, na ameshapangiwa siku. Jioni sasa tunakaa naye, ingawa juzi Chaji alisahau akachomeka waya masikioni, nami nikamkaripia kupita kiasi. Kosa si lake.

Kinachonikera moyoni ni kingine. Fundi alipoondoka, Mama alinishika mkono akasema, "Asante mwanangu. Mimi sikusema kitu, lakini wewe uliona."

Nikajibu, "Ndiyo, Mama." Sikumwambia kwamba fundi nilimwita kwa ajili ya simu zetu. Naona aibu hata kuliandika jambo hili. Sasa anawasimulia majirani jinsi binti yake alivyomletea fundi bila kuombwa, nami nasimama pembeni nikikunja vitambaa visivyohitaji kukunjwa.

Nisalimie shemeji na wanao, na yule binamu yetu dereva mkikutana. Shemeji yako na Chaji wanakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mama pia anakusalimu sana. Yupo hapa kando yangu, ananiambia nikuandikie usiwe na wasiwasi juu yake, kwamba mimi nipo na ninamwangalia vizuri. Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Fundi cherehani wako