Yule Wakili Alijibu

Shuleni, Bunda

Kaka Magesa,

Shikamoo. Mguu wa mama unaendeleaje? Bibi wa Nyegina bado anakohoa? Mimi siumwi popote, lakini kaka, naomba uje unichukue. Nataka kuacha shule hii.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuliwekewa filamu bwaloni. Ilipoanza tu nikasikia sauti yako ikitafsiri kwa Kiswahili, ile ile unayoirekodi chumbani kwako pale Bweri. Unajua mimi huwa sisemi mbele za watu. Siku hiyo nilishindwa kujizuia, nikamnong'oneza rafiki yangu Neema: "Huyo ni kaka yangu." Neema akasimama akawatangazia wote. Walinigeukia, wengine wakanipigia makofi. Kwa dakika chache nilijiona mtu.

Kisha akaingia yule mwanamke mweusi, wakili, kwenye mahakama iliyojaa wazungu. Karani akamwambia kitu, na wewe ukasema, "Hili sufuria la masizi limepotea njia. Rudi jikoni, bosi anataka chai." Bwalo zima lilicheka, hadi mwalimu wa zamu. Mimi ndiye mweusi kuliko wote kidato cha tatu. Wakanigeukia tena.

Tangu siku hiyo jina langu ni Masizi. Nikienda ubaoni kwenye fizikia, mtu wa nyuma anaiga sauti yako na kuagiza chai. Nilipowaomba wanyamaze, kijana mmoja wa Butiama akanijibu kwa upole kabisa, kana kwamba ananihurumia: "Kaka mtu ndiye aliyekubatiza. Sisi ni nani tumkatalie?" Sasa ni wiki ya tatu sinyooshi kidole darasani. Jana wakati wa mdahalo nilijificha stoo ya mifagio. Mwalimu wa darasa anasema nicheke nao, wataacha. Nimejaribu. Hawaachi, na nikicheka naona kama nakubali.

Kaka, mimi nilisoma maandishi ya Kiingereza pale chini ya picha. Karani alimwambia wafagizi wapite mlango wa nyuma. Hilo ni tusi tosha, na lilikuwamo kwenye filamu, si lako. Masizi na jiko umeongeza wewe. Lakini linaloniumiza zaidi ni jingine. Yule wakili alijibu. Alisimama palepale akasema yeye ndiye anayesubiriwa, na hatapita mlango mwingine isipokuwa ule alioingilia. Wewe ukamfanya aseme, "Samahani bosi, chai inakuja." Kila siku natafuta jibu la kuwapa hawa, na kila nikikaribia kulipata nasikia hilo lako.

Najua hukunifikiria mimi. Unasemaga watu wa vibanda vya video wasipocheka hawarudi. Sijakuchukia. Ila sijui nitakaaje hapa hadi kidato cha nne.

Msalimie mama, usimwambie sababu. Mwambie nimechoka tu, aniandikie barua ya ruhusa. Msalimie bibi, na shangazi wa Nyasura ukipita kwake. Ukija, mpe mlinzi hiyo barua, kisha unisubiri nje. Tafadhali usiongee na mwanafunzi yeyote pale getini. Sauti yako wanaijua wote.

Mdogo wako anayekupenda,
Nyanjura